Mzigo Ulioachwa Juu ya Barafu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tukummeq alishika shoka akaenda kuwapasulia mbwa wa baba yake nyama. Nyama ya sili, mnyama wa bahari za baridi, ikiganda huwa ngumu kama gogo, na mbwa wenye njaa hawajui maana ya neno "subiri". Waliruka, wakabweka, wakavuta minyororo yao hadi theluji ikatimka. Tukummeq aliwarushia mapande mmoja mmoja, akianza na jike lililotangulia wenzake safarini, maana huyo akinyimwa heshima yake siku nzima huharibika.

Ilikuwa masika huko kaskazini ya mbali. Jua lilikuwa limeacha kutua, lakini bahari bado ilikuwa imefunikwa na barafu nene. Mwaka huo Ussarqak, baba yake Tukummeq, aliwasafirisha kwa sleji yake, gari lisilo na magurudumu linalokokotwa na mbwa, watafiti waliokuja kupima barafu hiyo. Kiongozi wao alikuwa Signe, mwanamke kutoka Denmaki, mwembamba, mwenye sauti ya chini na msimamo mkali. Alikuwa amekataa helikopta na pikipiki za theluji.

"Kelele zake huwafukuza sili wenu, na moshi wake huichafua barafu ileile tuliyokuja kuipima," aliwaambia wawindaji. "Tutakwenda kwa mbwa. Na kila tutakachokipeleka kule tutakirudisha, hata cha chooni."

Wawindaji walicheka hadi machozi yakawatoka. Kisha wakampa ruhusa.

Kumbe kicheko kile kingemwangukia Tukummeq. Kila Jumamosi baba yake alibeba vyombo vya kupimia, naye akamfuata nyuma kwa sleji ndogo iliyobeba taka za kambi: ndoo ya choo iliyofungwa kwa kamba, mfuko wa betri zilizokwisha, na debe la mafuta ya taa yaliyochafuka. Binamu yake, Qillaq, hakumwacha apumue.

"Pisheni njia! Bibi harusi wa ndoo anapita!" alipiga kelele siku moja, akija sambamba naye kwa sleji tupu. "Tuku, leo umebeba nini, uji au mchuzi?"

"Nyamaza, Qillaq."

"Shindana nami basi hadi kijijini. Au unaogopa itamwagika?"

"Ningekuwa sina mzigo ungekula theluji ya mbwa wangu!"

"Mzigo, mzigo! Hata bibi yetu na mkongojo wake atakupita." Qillaq akacheka, akawaongeza mbwa wake mwendo.

Uso wa Tukummeq uliwaka kwa hasira. Baba yake alikuwa mbele sana, amekuwa doa jeusi kwenye weupe. Akawasimamisha mbwa kando ya jabali la barafu lililokuwa limenaswa baharini, akashusha ndoo, mfuko na debe, akaviweka nyuma ya jabali hilo. Hakuona kama anafanya ubaya. Mifupa na matumbo ya wanyama huachwa papo hapo barafuni. Kunguru na mbweha hula, na kiangazi barafu ikipasuka, bahari humeza kilichosalia. Ndivyo walivyofanya mababu.

"Bahari itachukua," alijiambia, akapiga mluzi. Mbwa wakaruka kama mshale.

Alimshinda Qillaq kwa mbali. Walipofika, baba yake alikuwa akifungua kamba.

"Mzigo umeshaushusha?" aliuliza.

"Nimeushusha, baba."

Haukuwa uongo mtupu, wala haikuwa kweli.

Wiki iliyofuata Mzee Inukitsoq, mkubwa wa wawindaji, alirudi kutoka barafuni mikono mitupu, macho mekundu kwa hasira. Karibu na jabali lile palikuwa na tundu la sili, mahali anapojitokeza kuvuta pumzi, na mzee alikuwa akilichunga tangu majira ya baridi. Sasa maji yake yaling'aa rangi rangi na kunuka mafuta ya taa. Sili walikuwa wamehama. Wawindaji wote wakaitwa ukumbini, na watafiti nao.

"Mwanamke huyu alinipa mkono akaniahidi!" Inukitsoq aliunguruma, akimwelekea Signe. "Jabali la barafu halitoi mafuta ya taa! Nani mwingine ana mafuta kule? Waondoke kesho!"

"Waondoke!" wakaitikia wengine.

Ussarqak akasimama. "Mzigo niliufunga kwa mikono yangu. Kila kitu kimerudi. Naapa mbele yenu."

"Basi bahari ndiyo mwongo? Ussarqak, neno lako lilikuwa zito hapa. Leo unalitupa kwa ajili ya wageni?"

Tukummeq alimwona baba yake akifumba na kufumbua mikono, mtu ambaye hajawahi kuitwa mwongo mbele ya watu. Signe naye akainuka, mweupe kama karatasi.

"Ussarqak hasemi uongo," alisema. "Kama mafuta ni yetu, kosa ni langu. Tutaondoka."

"Kaa kimya," Qillaq alimnong'oneza Tukummeq. "Wakishaondoka, nani atajua?"

Mimi nitajua, aliwaza Tukummeq. Akasimama.

"Keti, mama," Inukitsoq alisema, na sauti yake ikalainika. Daima alimwita hivyo, kwa sababu Tukummeq alipewa jina la marehemu mama yake mzee huyo. Kwao jina likirithiwa, undugu nao hurithiwa. Ndiyo maana msichana huyo mdogo alimwita mzee mwenye mvi "mwanangu", na hakuna aliyeshangaa. "Keti. Haya ni mambo ya wakubwa."

"Mwanangu," Tukummeq alisema, machozi yakimlenga, "ni mimi niliyelichafua tundu lako."

Akasimulia yote: ndoo, debe, mashindano, na jibu alilompa baba yake. Ussarqak akainamisha kichwa. Qillaq aliangalia viatu vyake, kisha naye akasimama polepole. "Mimi nilimchokoza," alisema kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyetaka tena wageni waondoke. Siku hiyohiyo sleji tatu zilitoka. Debe walilikuta limepasuka kwenye kiungio, na mafuta yamechora njia ya manjano kutoka jabalini hadi tunduni. Wakaikata barafu chafu kwa patasi ndefu, wakaijaza kwenye mapipa, wakayafyonza mafuta ya majini kwa matambara. Qillaq aliibeba ndoo mwenyewe.

"Nilimpa mtoto mzigo wa hatari bila kumweleza madhara yake," Signe alimwambia Inukitsoq. "Mafuta nitayabeba mimi, ndani ya pipa lenye kifuniko."

"Na kambi yako utaipiga pale tutakapokuonyesha sisi," mzee alijibu. "Kwa sharti hilo utabaki."

Walipopumzika, Inukitsoq alimmiminia Tukummeq chai ya moto.

"Mifupa ya sili ilitoka baharini, mama. Tukiirudisha, bahari inaitambua. Debe hili halikutoka humo. Mababu hawakuwa na debe la kutupa. Wangekuwa nalo, wangetufundisha namna nyingine."

"Sili watarudi hapa?"

"Huenda. Huenda wasirudi. Hilo siwezi kukuahidi." Mzee alitazama mapipa yaliyofungwa juu ya sleji. "Lakini kosa ulilolisema leo, sleji tatu zimetosha kulibeba. Ungelinyamazia hadi barafu ipasuke, lingeenea pwani zote, na wa kulaumiwa angekuwa mgeni asiye na hatia. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna kitu cha kushika." Akanywa funda la mwisho, akampa patasi. "Inuka sasa. Bado naona doa pale."

Tukummeq akaipokea, akaenda kulikata.