Rawya wa Ghorofani

Wadha aliteremka ngazi na gilasi tupu mkononi, akasema, "Ahsante kwa chai, shoga. Iliki umeijulia."

Rawya hakuwa amepika chai. Tangu adhuhuri alikuwa amekaa sebuleni mwa nyumba waliyoikodi, akitazama ukungu wa khareef, ule msimu wa manyunyu wa kusini mwa Omani, unavyoimeza mitaa mikongwe ya Mirbat. Alidhani ni Reem aliyepika, na kwa kuwa hakutaka Reem ashukuriwe, alijibu, "Chai tu hiyo, ahsante ya nini?"

Safari hii waliahidiana wawili tangu skuli, yeye na Wadha, watoto wa mtaa mmoja huko Ansab, Maskati. Reem, mwenzake Wadha kazini, aliongezwa wiki ya mwisho. Ndani ya ndege kutoka Maskati ndiye aliyekaa katikati.

Alasiri Wadha akateremka tena, nywele zimesukwa vizuri. "Mkono wako bado mwepesi," alisema, akamshika Rawya kiganja kama zamani. Nywele zile zilikuwa zimerowa, zikinuka ubani uliofukizwa juu ya kitu kilichooza.

Rawya akatupa jicho chumba cha chini. Reem alikuwa amelala na kichwa chake kinachomuuma, hajatoka humo tangu mchana. Basi nani aliyemsuka Wadha? Swali lilimjia ulimini, akalimeza. Kiganja cha Wadha kilikuwa ndani ya chake, na hilo lilimtosha.

Wadha akarudi juu. Haikupita nusu saa, Rawya akasikia kicheko cha rafiki yake, kile cha utotoni cha kukata pumzi, na chini yake sauti nyingine ikizungumza polepole, akapanda ngazi akinyata, huku ile harufu ikimzidi puani, na kila alipopanda sauti ile ikawa wazi zaidi, mpaka alipofika mlangoni akaitambua, kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe.

"Mie simuonei mtu wivu, Wadha," ilikuwa ikisema. "Mlete Reem, mlete umtakaye. Mie nnakupenda vilevile."

Akasukuma mlango. Kitandani walikaa wawili. Wa pili akageuka, na uso ulikuwa wa Rawya, dera la Rawya, mpaka kovu la kidevuni. Ila ulikuwa uso mtulivu, ambao Rawya hajauona kwenye kioo siku nyingi.

"Wadha," alinong'ona. "Njoo kwangu."

"Nenda ukitaka," alisema yule mwingine kwa upole. "Mie skuzuii."

Wadha hakwenda. Macho yake yalihama kwa huyu, yakarudi kwa yule. Nyuma ya Rawya, Reem alikuwa amepanda ngazi, amejishika ukutani.

Rawya aliona kwamba kwa wema hatomshinda. Yule alikuwa nao mwingi kuliko yeye. Kilichobaki ni kile alichokuwa akikificha.

"Chai sikupika mie," alisema. "Nywele sikukusuka mie. Nilinyamaza kwa kuwa nilitaka unishukuru. Na wewe, Reem, ule ujumbe wako wa kuuliza saa ya ndege niliufuta mie kwenye simu ya Wadha, ili uachwe."

Kisha Wadha akainuka, akaja akasimama upande wake.

Yule kitandani hakukasirika. Aliendelea kutabasamu, na tabasamu likapanuka, likapita mahali ambapo mdomo wa mtu huishia. Hapo Reem alipiga ukelele. Mzee Mahfoudh, mtunza nyumba, akapanda mbio kutoka uani, akasimama kizingitini na kuisoma Ayatul Kursiy, akairudia, akairudia tena, mpaka kitandani hapakuonekana mtu. Godoro tu lilikuwa likiinuka taratibu, kama lililoondolewa mzigo.

"Msilale hapa," aliwaambia kwa Kiarabu. "Huyu hupenda sana kupendwa."

Waliondoka kabla ya magharibi. Kesho yake ndegeni Reem alikaa safu ya mbali, peke yake.

"Nilikujua tangu ulipofungua mlango," Wadha alisema, bila kumtazama.

"Mbona ulikawia kunijia?"

Wadha alifunga mkanda wake kwanza. "Nilikuwa nnachagua."

Wiki tatu baadaye, mchana, Rawya alikwenda kwao Wadha na sahani ya visheti. Mama yake Wadha, Bi Atheer, alifungua mlango akabaki kumshangaa. "Umepitia wapi wewe, mwanangu? Si sasa hivi nimekuacha juu na mwenzio?"

Kutoka ghorofani kilishuka kicheko cha Wadha, kile cha kukata pumzi.

Rawya alijua anachotakiwa kufanya. Alijua maneno ya kusoma, na nambari ya Mzee Mahfoudh ya kupiga. Alivua viatu, akapanda ngazi nne bila kishindo, akakaa, akatega sikio asikie kama wanamsema.