Aprili ya Hofu Pattaya

Siku mbili kabla ya Songkran, mwaka mpya wa Thailand ambapo watu humwagiana maji mitaani, supamaketi kubwa ya barabara ya Sukhumvit ilifurika wazungu walionunua vitu kama watu waliosikia vita vinakuja. Hawakuwa watalii hawa. Walikuwa wakaazi wa Pattaya wa miaka mingi, na kila Aprili sikukuu ya maji ikikaribia walifanya yale yale: walijaza matoroli mikate, mayai na bia, wakalalamika kwenye foleni mpaka povu likawatoka, kisha wakajifungia majumbani hadi watalii waishiwe nguvu.

Fintan Breslin alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwalimu wa kemia kutoka Ayalandi, mwanamume mrefu mwenye nywele za rangi ya kutu na shati la kitani lililokunjwa mikono. Toroli lake lilikuwa limejaa samaki wa makopo.

"Kaka, vita vinaanza lini?" sauti ikamuuliza kutoka nyuma.

Akageuka. Mwanamke wa Kithai alikuwa amesimama pale, blauzi ya zambarau, miwani ya fremu nyekundu, nywele amezikusanya utosini na kuzichomeka kalamu. Kapu lake lilijaa bendeji na dawa za vidonda.

"Keshokutwa," Fintan akajibu kwa Kithai chake cha kukwaruza.

"Na samaki wote hao utakula na nani?"

"Peke yangu."

"Maskini! Mji mzima unacheza, baba mzima amejifungia na samaki wa makopo."

"Mji hauchezi, dada. Mji unalewa. Hizo bendeji zako ni za nini kama watu wanacheza tu?"

Mwanamke akacheka mpaka mtu wa mbele akageuka kutazama. "Hapo umenipata! Najitolea na kikosi cha waokoaji. Lakini siku nyingine nina duka la miwani kule Naklua. Njoo nikupime macho, huenda huoni vizuri. Uliza Wipada, au sema Som tu, kila mtu ananijua."

Sikukuu ilipokwisha, Fintan alikwenda. Macho yake yalikuwa mazima kabisa, ila alitoka dukani na miwani mipya na miadi ya kula kaa wa kukaanga jioni ya Jumamosi.

Mapenzi yakawashika kama homa. Som alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, mjane asiye na mtoto, mwenye mdomo usiopoa. Akimpigia simu mchana alimwita "mwalimu wangu wa sumu", naye Fintan alimwita "daktari wa macho bandia". Jumapili walipanda kilima cha Pratumnak, Som akamlisha embe na wali mtamu kwa mkono, akimfuta kidevu kama mtoto. Watu wa sokoni Naklua walizoea kuwaona, wakaacha kunong'ona.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo Fintan hakumwambia.

Aprili moja kabla hawajakutana, alikuwa akiendesha pikipiki nyuma ya rafiki yake Anselm, Mjerumani aliyefundisha naye shule moja. Walikuwa wakirudi kazini, mchana kweupe. Mbele ya baa fulani mtu akarusha ndoo nzima ya maji yenye vipande vya barafu, ikampata Anselm usoni. Pikipiki yake ikayumba, ikagonga nguzo ya umeme. Muziki haukuzimwa. Fintan alipiga magoti kwenye lami iliyolowa, ameshika mkono wa rafiki yake, na watu wakaendelea kummwagia maji mgongoni wakidhani ni mchezo.

Tangu siku hiyo sauti ya maji yakipiga bati ilimkausha mate. Watu wa kwao walipokaa baa kulaani Songkran, wakisema ni uchafu na wazimu, alilaani nao kwa nguvu kuliko wote. Ilikuwa rahisi kusema anaichukia kuliko kusema anaiogopa.

Aprili ikarudi. Jioni moja Fintan akaweka mezani tiketi mbili za ndege za kwenda Penang, Malaysia.

"Tunaondoka keshokutwa, kipenzi. Tutarudi wendawazimu wakishaondoka."

Som akaziangalia, hakuzigusa. "Fintan, nina zamu. Unajua kila mwaka nina zamu."

"Mwaka huu usiende."

"Nisiende? Barabara zitajaa majeruhi, mimi nikale tambi Penang?"

"Wacha wavunjike! Si wanajitakia? Hii siyo sikukuu, Som. Ni nchi nzima imerukwa na akili. Watu wenu wanauana kwa ndoo, halafu wanaita mwaka mpya!"

Som akavua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la blauzi. Alipokasirika sana alizungumza polepole. "Watu wetu. Nyumbani kwetu, mwaka mpya tunammwagia mama maji ya maua mikononi, anatubariki, tunakula. Hao wanaosimama mbele ya baa na mipira ya maji, wamevua mashati, wamelewa saa nne asubuhi, ni akina nani? Ni binamu zangu? Waliletwa na ndege zile zile zilizokuleta wewe."

"Mimi si mtalii!"

"Hapana. Wewe unakaa hapa miaka kumi na mmoja na bado unatudharau. Afadhali mtalii, yeye hatujui."

Akachukua mkoba wake. Mlangoni akasimama kidogo, kama anayengoja aitwe. Fintan alikuwa na jina la Anselm kwenye ncha ya ulimi, nalo likakataa kutoka. Mlango ukafungwa.

Hakwenda Penang. Alikaa kwenye nyumba yake ya ghorofa ya nane, madirisha yamefungwa, feni inazunguka, akisikiliza mji ukivuma chini kama mnyama. Muziki wa baa kumi uligongana. Kila king'ora kilipolia alisimama. Kilipopita alikaa.

Siku ya tatu akashindwa, akapiga simu.

"Uko salama?"

"Nimelowa. Niko hai," Som akajibu. Nyuma yake watu walipiga kelele. "Samaki wako wametosha?"

"Som, nakuomba, simama mbali na barabara."

"Kazi yenyewe iko barabarani, mwalimu. Ulikuwa na lingine?"

"La."

"Haya." Simu ikakatwa.

Miji mingine ilimaliza sherehe, ila Pattaya haijui kumaliza. Tarehe kumi na tisa ndiyo siku ya kilele, Wan Lai, na Barabara ya Ufukweni hufungwa kwa magari, watu wakafurika mpaka chini baharini. Siku hiyo saa nane mchana simu ya Fintan ikalia. Jina la Som likawaka.

"Laazizi!" akaropoka.

Haikuwa sauti yake. Alikuwa mwanamume, anapumua kwa shida. "Wewe ndiye mwalimu? Som ameangushwa. Tuko kwenye hema la—" Mlio mkali, mtu akapiga yowe, kisha kimya.

Fintan akapiga tena. Haipatikani. Akapiga tena na tena. Akaona nguzo ya umeme. Akaona lami iliyolowa, na safari hii mkono aliokuwa ameushika ulikuwa wa Som, mdogo, wenye pete ya fedha.

Alishuka ghorofa zote nane kwa miguu kwa sababu hakuweza kuisubiri lifti.

Nje joto lilimpiga usoni, kisha maji. Hapakuwa na teksi wala pikipiki ambayo ingepita. Hema la waokoaji alijua liko upande wa pili wa mji, karibu na kituo cha polisi cha ufukweni, na njia ya kufika ilipita katikati ya yote aliyoyakimbia. Watu walikuwa bega kwa bega, macho mekundu, nyuso zimepakwa unga mweupe wa sikukuu wakaonekana kama maiti wanaocheza. Mtu akampaka unga machoni. Mwingine akamfyatulia bunduki ya maji sikioni, akasikia mlio mwembamba usioisha. Maji ya barafu yakamshukia mgongoni, akajishika kwenye mlango wa duka lililofungwa. Kifua kilikataa hewa. Alitaka kurudi. Kurudi kulikuwa karibu zaidi kuliko kwenda.

Akaenda. Alitembea amejibana ukutani, akilitaja jina la Som kwa sauti ya chini kila alipomwagiwa.

Kwenye njia ndogo inayotokea sokoni, ambako vyombo viliruhusiwa kupita, akaona pikipiki inakuja polepole. Ilikuwa inaendeshwa na mwanamke, na mtoto mchanga amefungwa kifuani kwake. Mwanamke aliinua mkono akiomba asimwagiwe. Mbele ya baa, jitu moja lisilo na shati, mgongo umeungua jua, likanyanyua ndoo na mikono miwili. Vipande vya barafu vikagongana ndani yake.

Fintan hakukumbuka baadaye kama aliamua. Alijikuta amesimama kati ya ndoo na pikipiki, mikono ameitanua. Maji yakampata kifuani, barafu ikampasua nyusi.

"We, unatuharibia mchezo!" lile jitu likafoka. Lilikuwa na lafudhi ya nyumbani kwao Fintan kabisa, lafudhi ya wajomba zake.

"Ana mtoto!" Fintan akapiga kelele, damu ikimwingia jichoni. "Mtoto, mshenzi wewe! Huoni?"

"Tulia babu, ni maji tu!"

"Rafiki yangu alikufa kwa maji tu!"

Jitu likashusha ndoo. Nyuma ya Fintan pikipiki ilipita, na mwanamke akamgusa bega kwa vidole viwili bila kusimama. Fintan hakungoja. Akakimbia.

Hema lilikuwa limejaa watu waliolala kwenye mikeka. Aliangalia kila uso, akiogopa kila shuka lililofunika mtu mpaka juu. Mwishowe akaona kalamu imechomekwa kwenye nywele.

Som alikuwa ameketi kwenye kreti la soda, mkono wa kushoto umefungwa kifuani, miwani imepasuka kioo kimoja.

"Fintan?" Akainuka nusu, akakunja uso kwa maumivu. "Nani kakupasua? Umekujaje?"

"Kwa miguu."

"Kwa miguu? Kupitia ufukweni? Wewe?"

Fintan alipiga magoti mbele yake, akaweka kichwa mapajani mwake, akatetemeka mwili mzima. Som alimwekea mkono mzima kwenye nywele zilizolowa.

"Ni mtulinga tu umevunjika. Nilimwinamia majeruhi, walevi wakaniangukia. Simu akaichukua Mjomba Prasoet, dereva wetu, wakammwagia maji ikafa mkononi. Tulia, roho yangu. Mbona unatetemeka hivyo?"

Ndipo akamwambia. Alimwambia yote akiwa ameficha uso: ndoo, nguzo, muziki usiozimwa, mkono wa Anselm.

"Mwaka mzima," Som akasema alipomaliza. "Mwaka mzima umelala karibu yangu na jambo hili, mimi nadhani unatudharau."

"Niliona aibu. Mtu mzima kuogopa maji."

"Unadhani mimi siogopi? Kabla ya kila zamu natapika. Muulize Prasoet. Mume wangu alikufa barabarani, Fintan. Hakuna aliyejua namna ya kumwinua, wakamwinua vibaya. Ndiyo maana natoka."

Wakatazamana. Fintan alijua Som ni mjane, ila hakuwahi kuuliza zaidi, naye Som hakuwahi kusema. Som akamfuta damu kwenye nyusi kwa kidole gumba, akabandika plasta vibaya kwa mkono mmoja, wote wawili wakacheka kicheko kilichokaribia kulia.

Redio ikakoroma. Mjomba Prasoet, mzee mfupi mwenye masharubu yaliyolowa, akaingiza kichwa hemani. "Pikapu imepinduka njia ya soko! Nina machela, sina mtu wa kushika upande wa pili." Macho yake yakaenda kwa Som, yakaona mkono uliofungwa, yakatua kwa mzungu. "Wewe una mikono?"

Som akafumbua mdomo kusema hapana, Fintan aliona.

"Ninayo," akasema. "Lakini sijui kitu."

"Nitakwambia la kufanya. Ukitaka kutapika, tapika nje ya gari."

Akapanda nyuma ya gari. Som alimfuata mpaka ubavuni mwa gari, akashika ukingo wa mlango. Uso wake ulikuwa umepauka, na Fintan akautambua uso ule. Ndio aliokuwa akiuona kwenye kioo kila king'ora kilipolia.

"Ukinipigia, simu yangu imekufa," Som akasema haraka haraka. "Piga ya hapa hemani. Usisimame katikati ya barabara. Mnyanyue mtu shingo ikiwa imeshikwa, umesikia?"

"Nimesikia. Som, nikirudi tuoane."

"Mpumbavu wewe! Rudi kwanza!"

King'ora kikalia juu ya kichwa chake, mara hii akiwa ndani ya gari lenyewe. Maji yakapiga bati la gari pande zote mbili. Fintan alifumba macho, akaishika machela kwa mikono miwili, akayafumbua tena kwa sababu Prasoet alikuwa anamwita.

Alirudi jua likiwa bado juu ya bahari. Walikuwa wamempeleka hospitali kijana mmoja, yu hai, anamlilia mama yake. Som alikuwa amesimama pale pale alipomwacha, na mtu mmoja hemani akasema amekataa kuketi.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi. Na ile habari nyingine?"

Som akamtazama kwa kioo kimoja kizima na kimoja kilichopasuka. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta.

"Ndiyo," akasema. "Ila sherehe tutafanya Novemba. Aprili sitaki hata kuisikia."