Jiwe la Goli

Kengele ya mapumziko ilikuwa bado inatetema pale mgeni alipotokea. Hakupita getini kama watu wengine. Aliruka ukuta uliobomoka nyuma ya jikoni, begani kabeba chombo cha chuma chenye miguu mitatu, akatua katikati ya wanafunzi mia tano wanaogombania bomba moja la maji.

"Mwizi!" akapiga kelele mmoja.

"Mwizi gani wa miguu mitatu?" akajibu mwingine, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Hajasema hata jina lake, tayari alikuwa Miguu Mitatu. Shule ile haikuwa na mchezo katika kubatiza watu.

Aliyetoka kumkabili alikuwa mwalimu wa historia. Wanafunzi walimwita Kalenda, maana alikuwa na tarehe ya kila kitu, hata ya siku bomba lile lilipoanza kuvuja. Alivaa gauni la kijani lililopauka mabegani, vidole vyeupe kwa chaki, nywele kazishikilia kwa penseli.

"Habari yako, bwana. Geti letu limekukosea nini?"

"Mlinzi wenu ananiambia nisubiri barua. Nimesubiri saa nzima. Jua halisubiri."

"Kwa hiyo jua ndilo limekuruhusu?"

Kijana akacheka. Alikuwa mrefu, shati la buluu mikono kaikunja, na jicho lake la kulia lilikuwa na mikunjo midogo ya mtu anayechungulia kioo kutwa nzima. "Mimi ni mpima ardhi, Mwalimu. Nimetumwa kupima mipaka ya shule. Kuna watu wanataka kujenga maduka hapo jirani."

"Shule hii ina miaka hamsini. Leo ndiyo wamekumbuka kuipima?"

Siku tatu Kalenda alimfuata nyuma, eti anamlinda asikanyage bustani. Walimu wenzake wakakohoa kwa makusudi kila alipochukua mwavuli. Yeye akajifanya kiziwi.

Alimwonyesha ukumbi. Ulikuwa jengo refu lenye kuta za rangi mchanganyiko, tofali jekundu kando ya la manjano, jembamba juu ya nene.

"Fundi alikuwa amelewa?" Miguu Mitatu akauliza.

"Chunga ulimi. Wanafunzi wa kwanza walikuwa thelathini na wanane, hawana hata kibanda. Wakaambiwa kila anayejiunga aje na matofali mawili, popote atakapoyapata. Miaka tisa wakayaleta mpaka kuta zikafika kwenye paa. Humu ndimo tunamofanyia midahalo na mitihani. Humu ndimo kidato cha kwanza hupandishwa mezani wakaimba."

"Na wewe uliimba?"

"Niliimba, tena vibaya. Mimi mtoto wa hapa, kaka."

"Usiniite kaka."

"Nikuite nani, basi?"

"Tutaafikiana."

Tangu hapo simu ikawa haina mapumziko. "Kalenda, leo tarehe ngapi?"

"Simu yako haionyeshi tarehe?"

"Inaonyesha, mpenzi. Haina sauti tu."

Kalenda alizima taa akitabasamu ukutani kama mwanafunzi. Lakini hakuwa mjinga. Siku moja alimshika kifungo cha shati akamwambia, "Niahidi kitu kimoja. Vipimo vikitoka, nivisikie kwako kwanza."

"Kabla ya mtu yeyote," alisema.

Jumatatu asubuhi alivikuta kwenye ubao wa matangazo.

Barua ilikuwa fupi. Ramani ya zamani ililiwa na mchwa, na penye ramani iliyopotea jiwe la mpaka ndilo linaloamua. Mawe manne yalionekana. La nne, jeupe, lilikuwa pale uwanjani, nguzo ya kushoto ya goli. Kwa jiwe hilo, ukumbi wote ulikuwa nje ya ardhi ya shule. Utabomolewa mwezi ujao. Chini palikuwa na sahihi ya Miguu Mitatu, ya Jumanne iliyopita.

Jumanne! Na Jumatano yake walikaa kwenye ngazi za ukumbi ule ule wakila karanga, kijana akimwambia anapenda anavyocheka.

"Ulijua," Kalenda akamwambia kwenye simu.

"Nisikilize, roho yangu. Nilitaka kukwambia. Mimi sikuyapanda yale mawe. Jiwe halisemi uongo."

"Jiwe halisemi kabisa, bwana. Wanaosema ni watu, na wewe ulinyamaza." Akakata. Simu ikaita mara kumi na moja, akaihesabu, hakuipokea.

Kidato cha nne hawakusubiri mtu awaambie. Kabla ya saa sita walikuwa wamebeba madawati yao, wawili wawili, wakayapanga ukumbini. Kiranja mkuu, msichana mwembamba mwenye sauti ya tarumbeta, akasimama mlangoni. "Hatutoki. Anayetaka kuubomoa aje atubomoe na mitihani yetu."

Mkaguzi wa shule wa wilaya akapiga simu kuuliza nani kawapa ruhusa. Kalenda alikuwa na chaki mkononi, anafundisha humo humo. "Mwambieni ni mimi," akasema. "M-i-m-i. Aandike vizuri."

Jioni alijifungia stoo kutafuta karatasi yoyote ya zamani. Alikoipata hakukutarajia, ndani ya Kitabu cha Adhabu cha mwaka wa saba wa shule. Mwandiko ulikuwa wa kulala, wino umefifia:

*Wanafunzi sita wa kidato cha pili, viboko vinne kila mmoja, kwa kung'oa jiwe jeupe mpakani na kulifanya nguzo ya goli. Wameamriwa kulirudisha.*

Akapitisha kidole kwenye majina. La tatu lilikuwa la Mwalimu Mkuu wa sasa.

Asubuhi alikifungua kitabu mezani kwa Mwalimu Mkuu. Mzee akavua miwani. Akaivaa. Akaivua tena.

"Nilikuwa kipa," akasema. "Upande wa kushoto haukuwa na nguzo. Utadakaje?"

"Mliambiwa mlirudishe, Mwalimu."

"Tuliambiwa."

"Mkalirudisha?"

Mwalimu Mkuu, aliyewahi kumrudisha nyumbani mtoto kwa kukosa soksi, akatazama dirishani. "Tulikuwa tunaongoza kwa mabao mawili. Tukasema baada ya mechi." Akaifuta miwani. "Halafu tukazeeka. Hata barua hii niliposoma nilidhani lile letu lilishaondolewa zamani, likawekwa jingine."

Mzee alikumbuka pahali penyewe, kando ya uzio nyuma ya vyoo. Ila shimo bila sahihi ya mpima ni shimo tu, Kalenda alilijua hilo. Akapiga simu.

"Njoo na chombo chako. Sijakusamehe."

Alifika baada ya nusu saa, jasho mpaka kwenye mkanda. Walichimba kina cha goti. Jembe likagonga sementi: kiti cha mraba, katikati kina tundu. Vijana wanane wa kidato cha nne wakang'oa nguzo ya goli, wakaibeba huku wakiimba, wakaishusha pale. Jiwe likaingia kama mguu kwenye kiatu chake.

Miguu Mitatu akapima. Akapima tena. Ukumbi ulikuwa ndani ya mpaka, na hatua ishirini za ziada.

"Uliogopa nini ile Jumatano?" Kalenda akamuuliza wanafunzi walipokwenda kunawa.

"Kile kicheko. Niliona kitakuwa cha mwisho."

"Ukaniacha nikajisomee ubaoni."

"Nikakuacha ukajisomee ubaoni." Hakujitetea, na kule kutojitetea ndiko kulikomlegeza Kalenda kidogo. "Ijumaa, saa mbili, mkutano wenu wa asubuhi. Nitavisoma vipimo vipya hapa kwanza, kabla ya ofisi, kabla ya mtu yeyote. Vikishasikiwa na watu mia tano, hakuna atakayevifungia kabatini."

Alhamisi jioni simu iliita. Safari hii Kalenda aliipokea mlio wa kwanza.

"Mjomba amejua," kijana akasema. Ofisi ya upimaji, iliyolipwa na wale wa maduka, ilikuwa ya mjomba wake, ndugu wa mama, aliyemsomesha tangu chekechea. "Ananitaka kesho mezani kwake, saa mbili ile ile, niandike kwamba sikuona kitu. Nisipofika, nisirudi. Kazini wala nyumbani."

Kalenda akasogea dirishani. Nje mtu alikuwa anaanua nguo, akigombana na upepo.

"Sikulazimishi," akasema. "Ukienda kwa mjomba wako nitaelewa."

"Utaelewa, lakini utaniita kaka."

"Nitakuita kaka."

Ijumaa wanafunzi walijipanga mistari, mashati yamechomekwa, soksi zimevutwa. Kalenda alivaa gauni jekundu ambalo halikuwa la kazi, akakasirika nalo tangu alipolivaa. Saa mbili kasoro tano geti lilikuwa tupu. Kasoro mbili, Mwalimu Mkuu akakohoa. Kiranja mkuu akaishika nyundo ya kengele, akamtazama Kalenda. Kalenda akaitikia kwa kichwa: gonga, saa ni saa.

Kengele ikalia. Na kwenye mlio wa pili mtu akaingia getini, kwa miguu, akitweta, mikono mitupu. Hakuwa na gari la ofisi wala kile chombo. Vyote vilikuwa vya mjomba, na vyote alivirudisha alfajiri.

"Leo miguu miwili!" akapaza sauti mtoto wa mstari wa nyuma.

Shule ikacheka. Naye akacheka, akapanda jukwaani, akatoa mfukoni karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Simu ikaanza kuita mfukoni mwake. Ikaita mpaka mistari ya mbele ikanyamaza kuisikiliza. Ikakatika, ikaanza tena. Akaitoa, akalisoma jina, akaiweka juu ya meza mbele ya watu wote, ikiendelea kuita.

Hakuwatazama wanafunzi. Alimtazama mwalimu wa historia.

"Jiwe la kwanza," akasoma, "lipo mahali pake."

Kalenda akachomoa penseli kwenye nywele, akaandika tarehe.