Mapenzi ya Kila Jumamosi

Siku waliyokutana, Mwalimu alikuwa amejiziba nyuma kwa bahasha ya mitihani.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mtaa wa maduka ya vitambaa, watu wakipigana vikumbo na wauzaji wakiita wateja kwa kupiga makofi. Mwalimu alikuwa ameshuka kwenye pikipiki kwa haraka, na suruali yake ya kijivu, ile aliyoiamini kuliko zote, ikaachia mshono kuanzia mkanda kwenda chini. Akawa anatembea kiubavu kama kaa, mgongo ukutani, akiomba dunia igeuze macho.

Mbele ya duka la pembeni alisimama mwanamke aliyevaa gauni la njano lenye mikono mipana, tepu ya kupimia shingoni, anaongea na simu iliyofungwa kwenye kijiti. "Wapenzi wangu wa ukurasa, hiki ndicho kitambaa mnachokiulizia. Tazameni kinavyoanguka..." Akanyamaza. Nyuma yake, ndani ya kioo cha simu, alikuwa amemwona mtu anatembea kama kaa.

"Kaka, umeibiwa?"

"Nimechanikiwa."

"Wapi?"

"Dada, tafadhali usiniulize wapi."

Mwanamke akaelewa, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akachomoa jora la kitambaa, akawashikisha wauzaji wawili kama pazia, akaingia nyuma yake na sindano.

"Simama wima. Ukitikisika nakushona na nyama."

"Mimi ni mwalimu wa hisabati. Naomba heshima."

"Hisabati gani hiyo iliyoshindwa kukwambia hii suruali imekuwa ndogo?"

Simu haikuwa imezimwa. Watazamaji hawakuona kitu ila pazia, lakini walisikia kila neno. Mwalimu alipofika shuleni, darasa zima lilisimama kumwamkia, na kutoka nyuma sauti moja ikasema, "Ukitikisika nakushona na nyama." Kipindi kikafia hapo.

Jioni ile Mwalimu alipiga namba aliyoikuta kwenye ukurasa wa yule mwanamke.

"Haloo, ni fundi?"

"Nani mwenzangu?"

"Yule wa mshono."

"Umechanika tena?"

"Safari hii ni moyo."

"Moyo sishoni. Napima tu."

"Basi njoo upime."

Jina la fundi huyo ukurasani lilikuwa Pindo, na watu wote walimwita hivyo, hata mama yake mzazi. Alikuwa ameanza na cherehani kimoja cha miguu katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Ukurasa ule ulikuwa duka lake, sebule yake na daftari lake la siri. Humo alionyesha magauni, humo alipokea vipimo vya wateja, humo aliwaambia watu kuwa ana mafua. Mdogo wake wa kike ndiye aliyeuendesha: kujibu maswali, kukata video, kujua saa gani watu wako macho.

Mwalimu kwa upande wake hakuwa hata na picha mtandaoni. Lakini alimpenda Pindo, na kumpenda Pindo kulikuwa ni kukubali kuonekana. Kwanza ulikuwa mkono wake tu, umeshika kikombe. Kisha bega. Kisha akawa anavaa shati alilomshonea na kugeuka polepole kama feni.

"Mtoro wangu," alimnong'oneza siku moja, maana Pindo aliwahi kumwambia kwamba vipindi vyote vya hisabati alivitoroka. "Hawa watu wote wananiangalia mimi au shati?"

"Wanakuangalia wewe. Shati naliangalia mimi."

Ndipo ikaja kampuni moja ya vyerehani vya umeme. Ikaleta mashine sita mpya na mkataba wa mwaka mmoja: kila Jumamosi video moja ya wapenzi hawa wawili, pamoja, wakiwa na furaha. Neno lile lilikuwa limeandikwa hivyo hivyo, "wakiwa na furaha". Wakiacha kabla ya mwaka kwisha, mashine zinarudi. Pindo akatia saini, akaajiri wanawake sita wa mtaani. Mwalimu naye akatia saini huku anamtazama yeye badala ya karatasi.

Miezi ya mwanzo haikuwa mibaya. Kisha mwalimu mkuu akamwita ofisini. "Mwenzangu, wazazi wanakuja kuuliza maendeleo ya watoto, au kupiga picha na wewe? Mimi sijui tena." Sokoni watu walimgusa mkono bila salamu. Pindo aliugua jino, akatabasamu siku tatu kwa upande mmoja wa uso. Hakuna aliyesema kwamba amechoka. Kila mmoja alidhani mwenzake anafurahia.

Baba yake Mwalimu, aliyeishi naye, alikuwa karani mstaafu wa mahakama. Maisha yake yote alifunga tai, hata Jumapili. Mwaka ule alipata kiharusi; mkono wa kulia ukalala na mdomo ukaenda upande. Alikuwa hatoki nje, na wageni hakuwataka. Lakini Pindo alimkubali.

Alhamisi moja mchana Pindo alikwenda kumpima shati. Mzee alikaa kitandani, Mwalimu akamfunga vifungo kimoja kimoja na kumfuta mate kwa leso, na mzee akasema utani fulani wa mahakamani uliowachekesha wote. Pindo alitoa simu akachukua sekunde chache. "Hii ni yetu wenyewe," alisema. Na alimaanisha.

Ijumaa mdogo wake alichukua simu ile kutafuta picha za magauni. Akaiona video, akalia, akaona kwamba dunia nayo inastahili kulia. Akaiweka ukurasani.

Watu wakalia kweli. "Mwana mwema." "Mungu amponye mzee." Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akamletea mzee simu mpaka kitandani ajione.

Mzee alijitazama mpaka mwisho. Akairudisha simu. "Kumbe sasa," alisema, maneno yakitoka kwa shida, "hata mate yangu yana watazamaji."

Mwalimu alifika kwa Pindo akiwa bado na chaki mikononi. Wale wanawake sita wakasimamisha mashine zao.

"Ulisema ni yetu wenyewe."

Pindo alimwangalia mdogo wake, aliyekuwa amejikunyata nyuma ya rundo la vitambaa, uso umemshuka. Angeweza kumtaja. Hakumtaja.

"Ukurasa ni wangu," alisema. "Kosa ni langu. Nimekwisha kuiondoa, mpenzi. Nisamehe."

"Umeiondoa wapi? Iko kwenye simu za watu. Iko kwenye macho ya baba yangu." Sauti yake ikashuka. "Mimi nilikubali kuwa kichekesho chako. Yeye hakukubali."

"Kichekesho changu? Hivyo ndivyo ulivyojiona muda wote huu?"

Mwalimu akaondoka. Mlangoni akageuka, akawatazama wale wanawake, mmoja ana mimba kubwa, mwingine anamsomesha mjukuu. "Jumamosi nitakuja," alisema. "Kwa ajili ya mashine zao."

Zilikuwa zimebaki Jumamosi kumi.

Asiyewahi kutabasamu na mtu asiyesemeshana naye hajui uchovu. Saa tatu kamili Mwalimu aliingia, akasalimia mafundi, akavaa shati aliloandaliwa. Bwana wa kampuni, ambaye mafundi walimwita Bwana Taa kwa sababu ya mataa aliyoyabeba, alihesabu: moja, mbili, tatu. Hapo Mwalimu alimshika Pindo kiuno. Bwana Taa akisema "Basi!" mkono unaondoka kama umegusa pasi ya moto.

"Sogea kidogo," Mwalimu angesema, macho dirishani.

"Nimeshasogea."

"Sema 'mpenzi'. Umesahau kusema 'mpenzi'."

"Mpenzi," angesema Pindo.

Na chini ya video watu waliandika: "Hawa ndio wanapendana, sisi tunaigiza."

Usingizi ulimpotea Pindo. Angefunga ukurasa, lakini wateja wote walikuwa humo, na wale sita walikula kutokana nao. Angesema ukweli, angemtoa mdogo wake kafara. Kila mlango alioushika ulikuwa ukuta uliopakwa rangi ya mlango.

Alhamisi ya wiki ya pili, Mwalimu akiwa darasani, Pindo alikwenda kwa mzee peke yake. Alisimama mlangoni kwa muda mrefu.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. "Umekuja na kile kidude?"

"Nimekiacha nyumbani."

"Geuza mifuko."

Akaigeuza. Zikaanguka chaki ya fundi na pini mbili.

"Marahaba," mzee akasema.

Pindo alipiga magoti, akaomba msamaha bila kueleza nani alibonyeza nini. Mzee alimsikiliza kama alivyowasikiliza washtakiwa miaka thelathini. Mwishowe akasema, "Shati langu umelitupa?"

Hakulitupa. Alilimaliza kwa Alhamisi tatu. Mbele liliwekewa vifungo vya urembo, na chini yake vibanio vya chuma vya kubonyeza, ili mtu mwenye mkono mmoja aweze kulifunga. Walijaribu, wakakosea, wakajaribu tena. Siku mzee alipolifunga lote peke yake, kuanzia juu hadi chini, alisema, "Mwambie huyo mwanangu aache kunifungafunga kama mtoto."

"Mwambie wewe, baba. Mimi hanisemeshi."

"Anakusemesha kila Jumamosi. Jirani kanionyesha."

"Yule si yeye, baba. Wala mimi si mimi."

Jumamosi ya kumi ilifika. Kampuni ilikuwa na mpango wake. Ukumbi waliokodi ulijaa maputo meupe. Pindo alivalishwa gauni la rangi ya maziwa ambalo hakulishona yeye, limembana kifuani mpaka anapumua nusu nusu. Dakika kumi kabla ya kwenda hewani, Bwana Taa alimvuta Mwalimu pembeni, akamtia mkononi kisanduku kidogo na karatasi.

"Utapiga goti hapa, kwenye alama. Maneno ndiyo haya."

"Sijaambiwa jambo hili."

"Iko kwenye mkataba: matukio ya kufunga mwaka. Watu elfu arobaini wanasubiri. Unataka mashine ziondoke leo?"

Mwalimu alitazama upande wa ukuta. Wale sita walikuwa wamevaa nguo zao nzuri kupita zote. Yule mwenye mimba alikuwa sasa na mtoto mgongoni.

Akapiga goti. Karatasi aliikunja ndani ya kiganja, na jasho likaanza kuifuta.

"Malkia wa moyo wangu," alisoma, "nyota ya... ya maisha yangu..."

Pindo alimtazama. Mtu huyu hakuwahi kumwita malkia hata siku moja. Aliona macho yanayoshuka kiganjani kutafuta mstari unaofuata. Moyo ulimpasuka, kwa sababu jambo hilo alikuwa amelitaka kwa dhati, na sasa linaletwa kwake limeandikwa na mtu mwingine.

"Hapana," alisema.

Bwana Taa akaacha kutabasamu.

"Simama, Mwalimu. Sitaki." Kisha akaigeukia kamera. "Wapenzi wa ukurasa, nisameheni. Zimeni tu." Alipoona hakuna anayezima, alikwenda mwenyewe akachomoa waya.

Mwalimu alisimama, akakiweka kisanduku juu ya kiti, akatoka bila kugeuka. Alichosikia yeye ni neno moja tu. Alilisikia njia nzima.

Jumatatu lori lilikuja kuchukua mashine. Kwenye ukurasa Pindo aliitwa tapeli, mwenye roho mbaya, mwanamke asiyejua bahati. Yule fundi mwenye mjukuu alifunua cherehani cha zamani cha miguu, akakipangusa vumbi. "Hiki hakina mkataba," alisema. "Tutashona kwa zamu." Wawili hata hivyo walikuwa wameshaaga. Pindo hakuwalaumu.

Mdogo wake alilia siku mbili. Siku ya tatu alivaa viatu, akaenda peke yake mpaka nyumbani kwa Mwalimu, akamkuta barazani na rundo la madaftari ambayo hakuwa amesahihisha hata moja.

"Shemeji, ile video ya mzee niliiweka mimi. Dada hakujua. Alinifichia."

Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Kwani wewe humwambia yaliyo moyoni? Mngekuwa mnaambiana, mngefika hapa?"

Mchana ule ule simu ya Pindo ililia. Sauti ilikuwa nzito, maneno yanaburuzwa.

"Binti, njoo. Hapa kuna mtu hali chakula, na mimi nikimpikia kwa mkono mmoja kitaungua."

Alikwenda kwa miguu, amevaa gauni la kushindia lenye nyuzi zilizoning'inia. Mwalimu alikuwa amesimama uani, mikono haijui pa kukaa. Mzee akajiendea chumbani, akaurudishia mlango usifike mwisho.

"Mdogo wako amekuja," Mwalimu alisema.

"Najua. Ameniambia."

"Na baba kaniambia habari za Alhamisi. Nilikuhukumu bila kukusikiliza."

"Na mimi nilikuficha. Tumetoka sare."

Wakacheka kidogo, kwa woga.

"Pindo, lile 'hapana'... lilikuwa la nani?"

"La Bwana Taa. Wewe hukuwepo pale."

Mwalimu alivuta pumzi. "Wateja je? Kazi yako?"

"Wengine wamekwenda. Waliobaki nawaonyesha nguo tu. Mimi simo, wewe humo. Huenda ukurasa ukafa, sijui." Akamtazama. "Naogopa, lakini napumua."

Mwalimu hakupiga goti. Alimsogelea tu mpaka akasikia harufu ya mafuta ya cherehani mikononi mwake, akainama sikioni, akauliza kwa maneno yake mwenyewe, machache, na moja kati yake lilikuwa "mtoro".

Pindo akajibu polepole sana, mdomo umegusa shati lake.

Kutoka chumbani kitanda kikalia, na mzee akapaza sauti. "Kasemaje?"

"Hayakuhusu, baba!" Mwalimu akaitikia huku anacheka, machozi yanamtiririka, na hakuyafuta.