Mama Aliyewasindikiza Mlimani

Kitenge cha yule mama kilikuwa kikavu.

Mvua ilikuwa imewanyeshea Liberatus na mkewe Verediana tangu walipotoka Matamba asubuhi. Barabara imekatika, gari hakuna, wakaamua kushuka kwa miguu hadi Chimala kumrudisha mjukuu wao Lea kwa mama yake, Helena, baada ya kuachishwa ziwa. Upepo uliwazuia kufungua mwavuli, wakalowa mpaka soksi. Yule mama akachomoza kwenye ukungu, mkavu kama biskuti.

"Kamwene," akasalimu.

"Kamwene, mama," akajibu Liberatus, dereva mstaafu wa malori aliyefika hadi Lubumbashi, na ambaye kitambi chake kilitangulia kufika kila mahali.

"Ukungu mbaya huu. Niwasindikize kidogo."

Huko milimani anayesindikizwa ndiye humwambia mwenzake, "Inatosha, rudi." Lakini Liberatus utani humtoka kabla akili haijaamka, nami ni wa ukoo huohuo. Akacheka. "Kidogo ya nini? Tusindikize mpaka nyumbani!"

"Haya," akasema yule mama.

Verediana akamfinya mumewe.

Wakashuka. Liberatus akaanguka mara mbili kwa makalio, akajipigia makofi. Nyuma yao kulinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Nyayo zao zililia chwa, chwa kwenye tope; za yule mama hazikulia. Lea, aliyekuwa akilia mgongoni kwa bibi yake, akageuza shingo nyuma, akaanza kucheka.

"Baba Helena," Verediana akanong'ona, "mtoto anakuwa mwepesi."

"Acha masihara."

"Masihara ni yako! Mguse."

Akamgusa, akaurudisha mkono haraka, na kuanzia hapo walishuka tu wakiteleza na kushikana, kona baada ya kona, na kila kona Verediana alikaza mbeleko iliyolegea, akakaza tena, akakaza tena, mpaka mgongoni akawa kama amebeba kanga tupu yenye pumzi ya baridi.

Bati la nyumba ya Helena likaonekana.

"Asante, mama," Verediana akasema, meno yakigongana. "Inatosha. Rudi."

"Wewe hukuniita. Huyu ndiye alisema nyumbani. Nitalala na mtoto."

Liberatus akatazama midomo ya Lea, ilikuwa ya kijivu. "Rudi, mama," akasema.

"Peke yangu? Mlima wote ule? Na mimi nimewasindikiza?"

Liberatus akafungua mwavuli. "Basi twende. Nikusindikize na mimi."

"Baba Helena, usiende!"

"Uzito umerudi?"

Mbeleko ikakaza ghafla ikimkata mabega. Lea akapiga yowe la njaa. Verediana akaitikia kwa kichwa, akilia.

"Mwingize ndani. Asilowe."

Liberatus akapanda na yule mama, akianza kile kisa chake cha kushikwa Tunduma bila suruali. Ukungu ukammeza, sauti ikabaki. Akafika pale ambapo watu hucheka siku zote, akatulia.

Kikaja kicheko cha watu wengi.

Kilipokwisha, sauti ya Liberatus, mbali zaidi na ikitetemeka, ikaanza kisa kingine.