Mnywaji wa Kati ya Galaksi Mbili

Chai ya Mehrunisa Attar ilifanya utando wa barafu saa saba mchana, mwezi wa Mei, mizabibu ya nje ikiungua kwa jua. Akautoboa kwa kidole, akanywa. Siku hizi hakuna kilichomshtua. Mumewe Gulab alipogongwa na lori kwenye barabara ya kwenda mji wa Nashik, huko huko India, alilia eda nzima. Aliporudi kazini machozi yakakatika, na mama mkwe akatangaza mtaa mzima kwamba mjane huyu ana moyo wa jiwe.

Kazi yake ilikuwa kuelekeza sahani thelathini za darubini ya redio kwenye uwazi kati ya galaksi mbili jirani, kusikiliza kama pana gesi ya haidrojeni. Miezi minane hawajapata kitu.

Bhagwat, fundi mwenzake, alivua hedifoni polepole.

"Dada Mehru, kuna mtu anakunywa."

"Ni pampu ya mkulima."

"Pampu haicheui, dada."

Mehrunisa akazivaa. Funda, kimya, funda. Hapo ikaja harufu ya udongo wa kaburi bichi, ikatambaa chini ya mlango, ikapanda miguu ya viti, ikakaa shingoni kwao kama kitambaa kibichi, na sahani zote thelathini zikalia vyuma ilhali hakuna aliyezigusa, na mafunda yakaongezeka kasi, ya mwenye kiu ya miaka, hadi Bhagwat, ambaye hata si Mwislamu, akatoka mbio kwenda kumwita Hafiz Mulani, mzee wa mtaani aliyehifadhi Kurani.

Mzee alifika na chupa ya maji aliyoyasomea.

"Binti yangu, machozi yako yalikatika lini?"

Mehrunisa akafikiri. "Siku tuliyoanza kusikiliza pale."

"Uwazi wote ule, ulidhani hauna mwenyewe? Mmempigia hodi, ameitika. Anakunywa majonzi yako kabla hayajafika machoni. Akiyamaliza atakunywa na roho. Geuzeni hayo masahani."

Wakayageuza. Mzee akasoma, akanyunyiza maji pembe nne. Harufu ikatoweka, joto la Mei likarudi chumbani.

Gulab naye akamrudia moyoni, kila kitu chake kwa mara moja: kikohozi chake cha asubuhi, ndala zake mlangoni, mkate wa mtama aliouacha nusu akisema atamalizia jioni. Mehrunisa akaanguka chini ya meza akipiga yowe. Alilia siku tatu, hakula, hakulala. Mama mkwe akaridhika. "Sasa ndiyo mjane," alisema.

Siku ya nne Mehrunisa akaja kazini bado analia, amevimba macho, akaketi, akaingiza namba za kuelekeza sahani kwenye uwazi ule ule.

"Dada, usifanye hivyo," Bhagwat alinong'ona. "Mzee alisema atakumaliza."

"Wewe umewahi kuzika?"

"Bado."

"Basi niache. Siwezi, Bhagwat. Inauma mno."

Sahani zikageuka. Kilio chake kikakatika katikati ya pumzi, mabega yakashuka, uso ukatulia. Katika hedifoni zilizolala mezani Bhagwat akasikia mafunda yakianza tena, safari hii ya makoo mawili, kana kwamba mwenye uwazi amemwita mwenzake.

Mehrunisa akavuta daftari, akaandika saa ya kuanza kazi.