Nafasi ya Lempi

"Kosa gani hili lisilosema limekosea nini?" Saimi aliwauliza wenzake mezani. Watu watano walikuwa kwenye kahawa ya saa tisa, nje giza limeshaanza kuingia kama kawaida ya Tampere, mji wa kaskazini ya mbali, mwezi wa Novemba, na kila mmoja akatazama kikombe chake.

"Kahawa yako inapoa," alisema Ilpo, bosi wao.

Kwenye kioo cha kompyuta ya Saimi kulikuwa na neno moja, "Kosa", kisha nukta mbili, kisha utupu.

Ofisi ile ilitunza programu ndogo ya utarishi. Hospitali ikiuliza jambo la mgonjwa, tarishi huyo hulipeleka swali kwenye kanzidata, ghala la taarifa, na kurudi na jibu. Akishindwa, hurudi na maelezo ya kosa. Siku hiyo Saimi alimbana makusudi kwenye mashine ya majaribio, akamnyima kumbukumbu ya kompyuta hadi tone la mwisho, aone atalalamikaje. Hakulalamika. Ili aandike kwamba kumbukumbu imeisha alihitaji kumbukumbu, nayo ndiyo iliyokwisha. Basi akarudi na karatasi nyeupe. Programu ya hospitali, ikiona maelezo matupu, ingedhani mambo ni shwari, imwonyeshe nesi orodha ya mzio isiyo na kitu. Yaani: mgonjwa huyu mpe dawa yoyote.

Mama yake Saimi, Orvokki, alikuwa amelazwa tangu Jumamosi kwa nimonia, wodi ya nne, hospitali inayomtumia tarishi huyohuyo. Penisilini ingemuua ndani ya dakika kumi.

Saimi aliingia chumba cha seva akarudia jaribio. Kumbukumbu ilipojaa, nyuma ya kabati la mashine mtu akavuta pumzi.

Ilikuwa pumzi ya mtu anayetaka kusema, ndefu, yenye mluzi. Saimi alisubiri itoke. Haikutoka. Chumba kikavu kile, kisichowahi kunuka kitu zaidi ya vumbi la moto, kikanuka maua yaliyooza ndani ya maji.

"Ilpo, hebu njoo usikie."

Ilpo akaja na kikombe chake. Saimi akarudia. Safari hii pumzi ilivutwa katikati yao, usawa wa shingo, na kahawa ikamwagikia kiatu cha bosi.

"Ni feni," Ilpo alinong'ona.

"Kama ni feni, mbona unanong'ona?"

"Tupu maana yake hakuna kosa, Saimi. Tutalijadili kwenye kikao cha Alhamisi."

"Mama yangu yuko wodini leo. Leo ni Jumatatu."

"Alhamisi," akasema, na tayari alikuwa mlangoni. Kikao. Watu wa aina yake nyumba ikiwaka moto watakuomba kwanza uliweke jambo lako kwenye ajenda.

Saimi akabaki peke yake, na bila yeye kugusa kitufe mashine ikaanza kujijaribu yenyewe, kosa tupu juu ya kosa tupu, na kila tupu likaja na pumzi yake, ya kwanza nyuma ya kabati, ya pili karibu na mlango, ya tatu sikioni kwake kabisa hadi unywele uliolala shavuni ukainuka, na hakuna hata moja iliyotoka, zikarundikana chumbani zote kwa pamoja mpaka kifua chake mwenyewe kikaanza kukosa hewa, na kwenye kioo cha mlango, pale alipotegemea kuuona uso wake, akaona shingo ya mwanamke mzee, imevimba, imekwaruzwa kwa kucha na mwenyewe akitafuta pa kupumulia.

Alitoka mbio akampigia Hilkka, mstaafu aliyemwandika tarishi yule miaka thelathini iliyopita. Hilkka alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taratibu, "Nani kaondoa nafasi yake?"

"Nafasi gani?"

"Herufi mia mbili za kumbukumbu, binti. Nilizitenga programu inapoamka tu, kabla mwingine hajachukua chochote, na maneno yameshaandikwa humo: kumbukumbu imeisha, jibu halikusomwa. Hazikuwa za kazi nyingine. Ni kama mvuke wa mwisho wa sauna. Sisi hatuuogi, tunamwachia pepo mwenye sauna."

Saimi alifungua historia ya mabadiliko ya programu. Machi, Ilpo: "Nimeondoa nafasi inayolala bure." Chini yake, vidole gumba vinne vya pongezi.

"Mwenye nafasi hiyo ni nani?" Saimi alirudi kwenye simu.

"Anaitwa Lempi. Alilazwa wodi hiyohiyo. Orodha yake ilitoka tupu, wakamchoma penisilini. Alivuta pumzi awaambie, koo likawa limeshaziba. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, nawaonyesha madaktari mfumo wangu mpya, najisifu. Alinifuata miezi saba, Saimi. Mpaka nilipompa pa kusemea."

Saimi alizirudisha zile herufi, akarudi chumba cha seva akajaribu upya. Kioo cha kompyuta kikaandika: Kumbukumbu imeisha. Jibu halikusomwa. Na mle chumbani kitu kikashusha pumzi, moja tu, ndefu kiasi cha kupeperusha karatasi mezani, kisha zikabaki mashine na mngurumo wake wa kila siku.

Lakini hiyo ilikuwa mashine ya majaribio. Tarishi wa hospitali bado alikuwa yule wa Machi, akingoja Alhamisi. Saimi akapiga simu wodi ya nne.

"Orvokki? Anaendelea vizuri," nesi alisema. "Mfumo leo unasuasua, ila orodha yake ya mzio imefunguka, haina kitu. Ndiyo naandaa sindano yake hapa. Halafu ana mgeni. Bibi mmoja, kakaa kitandani kwake kajishika koo. Namsalimia, haitiki. Ni wa kwenu?"

"Dada," Saimi alisema, "naomba uweke hiyo sindano chini, orodha hiyo haikusomwa, umwulize mama akwambie kwa mdomo wake ni dawa gani inamdhuru."